Gugu ni Lipi? Kuitambua Mimea Sumbufu na Mimea Vamizi ya Malindi

Mwaka juzi, masika yalipoanza kupungua, nilimpa kijana mmoja kibarua cha kupalilia shamba langu la Msabaha, nusu eka ya mahindi, kunde na muhogo. Maagizo yangu yalikuwa mafupi: ng'oa kila kisichokuwa zao. Jioni nikakuta ardhi imefagiliwa kama ua wa bibi harusi. Kilikuwa kimebaki kijiti kimoja tu kando ya rundo la samadi, chenye majani madogo madogo yaliyopangika kama unyoya. "Huu nimeuacha, mzee," akaniambia. "Ni mgunga, utakufaa kwa kivuli." Nikamsifu, nikamlipa.

Asubuhi yake akapita hawe wa jirani. Hawe ndivyo Wagiriama wanavyomwita nyanya. Alikuwa na kikapu mkononi. Akasimama mpakani, akalitazama lile rundo la majani yaliyonyauka, akatikisa kichwa. "Mwanangu, mboga zote hizi umetupa?" Kumbe ndani ya yale niliyoyaita magugu mlikuwa na mtsunga, mnavu, mwangani na mchicha wa kujiotea, kitoweo cha nyumba mbili tatu. Kisha akanyoosha kidole kwenye kile kijiti changu cha kivuli. "Cha kung'oa ni hicho. Hicho si mgunga. Hicho mathenge."

Nilikuwa nimetupa mboga nikafuga adui. Kosa halikuwa la kijana, lilikuwa langu, maana neno nililompa halimsaidii mtu aliyeinama na jembe. Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kuchuma matawi na kuwasumbua wanaojua. Nililojifunza kubwa ni hili: kulijua gugu si kulijua jina lake tu, ni kujua litarudi kwa njia gani. Kuna linalorudi kwa mbegu, kuna la kiazi, kuna la kisiki, na kuna linalorudishwa na ndege. Ukikosea hapo, unaweza kufanya kazi mwaka mzima ukawa unalipanda kwa mikono yako.

Maneno yanayochanganywa

Gugu ni mmea ulioota mahali ambapo mwenye mahali hautaki. Basi. Hauna ukoo wala rangi maalumu. Mhindi uliojiotea katikati ya tuta la kunde ni gugu kwa msimu huo. Mtsunga, ambao Waswahili wengi huuita mchunga, una utomvu mweupe kama maziwa na mizizi inayotambaa chini kwa chini; ukiukata hapa unachomoza pale. Kwa mkulima wa mahindi ni kero ya kweli. Jikoni kwa hawe ni mboga ya heshima, huchanganywa na mboga nyingine ili uchungu upungue, ikatiwa tui, ikaliwa kwa sima. Mmea ni mmoja, hukumu mbili, na zote mbili ni za haki.

Mmea wa kigeni ni jambo jingine. Malindi ina mazoea ya kupokea wageni; Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, na meli za Wareno zilizofuata karne ile na zilizokuja baadaye ndizo zilizosaidia kuvusha mimea ya Amerika mpaka pwani hii: mahindi, muhogo, korosho, papai, pilipili. Muembe umetoka Asia. Mnazi nao asili yake ni ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Anayesema tung'oe kila cha kigeni aanze na sima, amalizie na wali wa nazi, kisha atuambie atakula nini.

Mmea vamizi ni yule mgeni aliyeletwa na binadamu, akaizoea ardhi, akawa anazaa bila kutunzwa na kuwasukuma wenyeji mpaka mahali pakageuka sura. Yote hayo kwa pamoja. Mgeni asiyesambaa si vamizi, na mwenyeji msumbufu si vamizi hata akiwa na miiba ya kutisha.

Mfano wangu wa mwenyeji mwenye sura mbaya ni mkomwe. Una miiba shinani, miiba majanini, miiba mpaka kwenye ganda la tunda. Ukikushika kanzu, bora uivue. Lakini ndio unaotupa komwe, zile mbegu za kijivu ngumu kama kokoto ambazo wazee wa Lamu na Malindi huchezea bao. Mbegu hizo huelea baharini zikafika pwani za mbali zikaota, kwa hiyo mkomwe haukuhitaji meli ya mtu. Uache ukae.

Mwingine wa kuachwa ni ule mtambaa wa mchangani wenye maua ya zambarau na majani yaliyopasuka katikati kama kwato za mbuzi. Wataalamu nao waliona hivyo hivyo, jina lake la Kilatini maana yake ni mguu wa mbuzi. Kila mwaka nawaona vibarua wa nyumba za ufukweni wakiung'oa ili mchanga upendeze machoni pa wageni. Ule ndio unaoushika mchanga. Ukiuondoa, kusi ikivuma, mchanga unaingia sebuleni.

Shambani: wa kiazi, wa kifundo na mnyonyaji

Wengi wetu tunautambua mmea kwa umbo lake la mbali, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo. Kwa magugu mwendo hudanganya. Ushike, uuvunje, uunuse, uuchimbue.

Anza na ndago, ambalo kila mtu analiita nyasi na si nyasi. Ling'oe, kisha liviringishe bua lake kati ya kidole gumba na cha shahada. Bua la nyasi huzunguka. La ndago hukwama, kwa sababu lina pembe tatu. Sasa fukua pole pole kwa kijiti, usivute. Utakuta uzi mweusi, halafu kiazi kidogo kama punje ya njugu, halafu uzi tena, halafu kiazi kingine. Kipasue ukinuse, kina harufu nzuri, karibu ya udi. Uzuri unaishia hapo. Ukivuta kwa juu, jani linakatika na vile viazi vinabaki, na kila kimoja kina macho ya kuchipua. Ukipitisha trekta ardhi ikiwa mbichi, umekata mnyororo vipande na kuvitawanya shamba zima. Nimewahi kuliona shamba la jirani lililokuwa na ndago kona moja. Baada ya kulimwa kwa trekta katikati ya mvua, msimu uliofuata lilikuwa kapeti.

Udhaifu wa ndago ni mbili: ukavu na kivuli. Kiazi chake kikiletwa juu wakati wa jua kali la kaskazi, Januari na Februari, hukauka kikafa. Kwa hiyo ndago hulimwa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na mbingu nyeupe, si wakati wa mvua. Na likifunikwa na viazi vitamu au maboga yenye majani mapana, hunyong'onyea.

Kongwe ni lile jani laini linalotambaa, lenye maua madogo ya samawati. Ng'ombe na sungura hulipenda. Linarudi kwa vifundo vya shina: kila kifundo kinachogusa udongo wenye unyevu huota mizizi, kwa hiyo ukilikata na kuliacha chini siku ya mawingu, wiki ijayo limeamka likiwa vipande kumi badala ya kimoja. Lakini ajabu yake iko chini. Mbali na maua yale ya samawati unayoyaona, kongwe lina maua mengine yasiyofunguka, yaliyo ndani ya udongo, nayo pia hutoa mbegu. Mara ya kwanza nilipoambiwa sikuamini. Nikalichimbua moja, nikayakuta, meupe, yamejikunja kama funza. Njia ni kulitoa zima na kulipeleka kwa mifugo, au kulianika juu ya jiwe hadi likauke kabisa.

Kuna mengine nitayapita haraka kwa kuwa kila aliyetembea peku ameshayajua. Kishonanguo, linaloshona suruali yako kwa vijisindano vyeusi vyenye ndoano mbili tatu nchani. Mbigili, anayetambaa chini na maua ya njano, ambaye mwiba wake unapenya kandambili na tairi la baiskeli. Mnanaha ndio nitakaoutaja kwa tahadhari: maua yake makubwa kama tarumbeta, tunda lina miiba, na mbegu zake ni sumu kali. Ukiota katikati ya kunde, ung'oe kabla ya kuvuna ili mbegu zisichanganyike na chakula. Usimpe mtoto achezee.

Kiduha ni habari nyingine kabisa. Watanzania ndio waliotupa jina hilo. Waluo wa kule Ziwani wanaliita kayongo, na mabwana shamba wetu husema striga. Huku pwani lipo lenye maua mekundu, wakati la magharibi mwa Kenya lina maua ya zambarau. Ni kimmea kizuri, kifupi, unaweza kukichuma ukakitia kwenye glasi. Ukikiona kimechanua kando ya shina la mhindi, hasara imeshatokea.

Hivi ndivyo linavyofanya kazi. Mbegu yake ni vumbi, huioni kwa urahisi kwa macho. Inakaa udongoni imelala, na mvua peke yake haiamshi. Inasubiri kemikali zinazotoka kwenye mzizi wa mhindi, mtama au wimbi ulio karibu. Ikizinusa tu, inachipua, inajishikiza kwenye mzizi huo na kuanza kunyonya maji na chakula. Wiki kadhaa linaishi chini bila kuonekana, na mhindi juu unadumaa na kugeuka manjano kana kwamba una kiu ilhali ardhi ina unyevu. Mkulima anamwaga maji au anaongeza mbolea. Wengine husema shamba limerogwa. Kisha kiduha kinachomoza, kinachanua, na mmea mmoja unamwaga mbegu kwa makumi ya maelfu, zinazoweza kudumu udongoni zaidi ya miaka 10.

Kwa hiyo hilo ni gugu la akiba. Linaweka benki. Dawa yake ni kuizuia isiongezewe na kuilazimisha itumike bure. Ukipanda kunde au pamba, mizizi yao huziamsha baadhi ya mbegu, zikachipua zikakosa wa kumnyonya, zikafa. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita kando ya Ziwa Victoria, wakishirikiana na kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, walianzisha tangu miaka ya 1990 mbinu inayoitwa vuta-sukuma: desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi na majani ya Nepia pembezoni. Iliundwa kwanza kwa ajili ya viwavi wanaotoboa mabua. Kiduha kupungua ilikuwa bahati ambayo watafiti waliiona baadaye wakaifuatilia. Mizizi ya desmodiamu hukiamsha kiduha na wakati huo huo hukizuia kushika mzizi wa mhindi.

Uani na kichakani: walioletwa kwa mapenzi

Mimea vamizi mingi haikuingia kwa magendo. Ilikaribishwa, ikamwagiliwa, mingine ikaandikiwa sifa.

Lantana ililetwa kwa uzuri wa maua yake kutoka Amerika ya kitropiki. Unaitambua hivi: shina lina pembe nne na vijiiba vilivyopinda; jani ni kavu kama msasa, ukilifikicha linatoa harufu kali; na shada moja la maua lina rangi mbili, machanga njano katikati, makuukuu waridi au machungwa ukingoni. Halafu vitunda vyeusi vinavyong'aa, ambavyo ndege hula na kwenda kuvipanda chini ya kila mti wanaotua. Ng'ombe akiila sana ini huharibika na ngozi yake haivumilii tena jua. Anababuka hasa penye rangi nyeupe. Usiichanganye na jamaa yake mwenyeji mwenye maua meupe na asiye na miiba. Na usiikate kwa panga ukadhani umemaliza. Kisiki kinatoa matawi mengi kuliko uliyoyakata, ndiyo maana wenye nyumba huipenda kuzungushia nyumba kama ua.

Lusina ilikuja na sifa ya lishe ya ng'ombe wa maziwa, na sifa hiyo si ya uongo. Asili yake ni Meksiko na nchi za jirani. Majani ni ya unyoya, hauna miiba hata mmoja, maua ni vijipira vyeupe, na maganda yake bapa ya kahawia huning'inia kwa mafungu, yakikauka yanapasuka na kumwaga mbegu chini kama ufuta. Baada ya miaka michache huna tena mstari wa lishe, una msitu. Ng'ombe na mbuzi huimudu kwa kiasi, lakini ina kemikali inayoitwa mimosini ambayo wanyama wasiocheua hawaiwezi. Punda akilishwa sana hunyonyoka manyoya ya shingo na mkia. Kwa Malindi ni tahadhari ya kawaida. Lamu, ambako punda ndiye mkokoteni na ndiye lori, ni tahadhari ya kuandikwa mlangoni.

Kisha kuna lile jambo linalowashangaza watu miaka ya karibuni: nyuzi za manjano zilizomwagika juu ya ua wa nyumba kama tambi zilizochemshwa. Hazina jani, hazina mzizi unaogusa ardhi. Watu wanadhani ni ugonjwa. Ni mmea, jenasi yake Cuscuta, na ni mnyonyaji kama kiduha ila huyu yuko juu. Mbegu huchipua ardhini, uzi unainuka ukipapasa. Ukigusa mmea mwingine unajizungusha, unaingiza vinyonyeo, na mzizi wake wa ardhini unakauka, hauutaki tena. Kuna uzi mwingine unaofanana nao katika vichaka vya ufukweni, wa kijani au rangi ya machungwa, ambao ni mwenyeji wa pwani nyingi za joto. Uliovamia ua wa nyumba mjini mara nyingi ni ule wa manjano. Hauondoki kwa kuvutwa, maana kipande kilichobaki kinaendelea. Kata tawi lote lililoshikwa, chini ya mahali paliposhikwa, ulichome.

Mwarobaini, mgeni tunayempenda

Hapa najua nitagombana na watu. Mwarobaini, mti tunaosema unatibu maradhi arobaini, ambao bibi zetu walituchemshia majani yake na ambao kijiti chake kilikuwa mswaki kabla ya dawa ya meno, si wa kwetu. Ulitoka Bara Hindi na nchi za jirani, ukaenea pwani hii hasa karne ya 19 pamoja na wasafiri na wafanyabiashara wa Kihindi. Na katika misitu ya mawe ya matumbawe, pamoja na ile ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, na inayozunguka magofu ya Gede, umekuwa vamizi.

Kwanza tuutenganishe na melia, maana watu wanavichanganya hata dukani kwa mganga. Jani la mwarobaini ni bua moja lenye vijani pande mbili, kila kijani kina meno ukingoni, na ukikiangalia karibu na kikonyo, upande mmoja ni mnene kuliko mwingine, kama mundu. Maua ni meupe na yananukia. Jani la melia limegawanyika mara mbili, bua ndani ya bua, na maua yake ni ya zambarau hafifu. Matunda ya melia ni sumu, kwa hiyo tofauti hiyo si ya kitaaluma tu.

Sasa, unavyovamia. Tunda la mwarobaini likiiva huwa la njano, tamu kidogo, lenye kokwa moja. Ndege na popo hulipenda. Wanakula kwenye mti wa uani kwako, wanakwenda kulala msituni, na kokwa inadondoka huko. Miiko ya kaya inamzuia mtu mwenye shoka, haimzuii popo. Ndani ya msitu mche unavumilia, unapanda, na baada ya muda mahali palipokuwa na miti kumi ya aina kumi pana mwarobaini na watoto wake. Misitu ya kaya iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Arabuko-Sokoke, yenye kilomita za mraba zipatazo 420, ndiyo kipande kikubwa kilichosalia cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Hatuna mingine ya akiba.

Je, tuikate yote ya uani? Mimi wa kwangu sijaukata na sina nia hiyo. Lakini hapa ndipo kujua mmea unavyorudi kunapofaa. Kokwa ya mwarobaini haikai: ndani ya wiki chache tu uwezo wake wa kuota hushuka sana. Tofauti na kiduha, mwarobaini hauna benki udongoni. Kwa hiyo ukiishi karibu na msitu, chini ya kila mwarobaini fagia matunda kabla hayajaliwa, na miche ya msituni ikiondolewa kwa mkono misimu michache mfululizo, kazi huonekana. Ni vamizi unaoweza kudhibitiwa kwa ufagio, na hilo si jambo la kawaida.

Mathenge

Tuurudie ule mti wangu wa kivuli.

Mathenge asili yake ni Amerika ya Kati, ya Kusini na visiwa vya Karibi. Kuingia kwake Kenya kunakojulikana kwa maandishi ni mwaka 1973, na ni hapa hapa pwani, katika kazi ya kuotesha miti kwenye machimbo ya Bamburi karibu na Mombasa. Miaka ya 1980 ukapandwa Baringo, na katika Mto Tana kwenye miradi ya umwagiliaji ya Bura na Hola, kwa nia njema kabisa: kuzuia jangwa, kupata kuni, kunusuru miti ya kandokando ya mto. Ulifanya ulichoombwa, ukaendelea. Leo ukivuka daraja la Sabaki ukaelekea kaskazini, kadiri unavyokaribia Garsen ndivyo unavyouona ukiziba njia za ng'ombe, malisho na kingo za maji.

Wailchamus wa Baringo walikwenda mahakamani dhidi ya serikali mwaka 2006 kwa sababu yake, na kilichobaki vichwani mwa Wakenya ni yule mbuzi aliyefikishwa kortini akiwa kibogoyo. Watu walicheka, lakini hoja ilikuwa nzito: maganda ya mathenge yana sukari nyingi, yananasa kwenye meno na kuyaozesha, na mbuzi asiye na meno hufa kwa njaa akiwa amezungukwa na chakula. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari chini ya Sura ya 325 ya sheria za Kenya, sheria ambayo humtaka mwenye ardhi aliondoe gugu la namna hiyo kwenye eneo lake.

Kuutofautisha na mgunga kunahitaji alama tatu, si moja. Miiba peke yake haitoshi, migunga mingi nayo ina miiba miwili miwili. Kwanza chukua jani moja zima. La mathenge, kutoka kwenye kikonyo, hugawanyika matawi machache sana, jozi moja au mbili, mara nyingine tatu, na kila tawi lina vijani vingi vyembamba. Migunga mingi ina jozi nyingi zaidi za matawi hayo. Pili, ua: la mathenge ni mkia mrefu wa manjano-kijani, kama mkia wa panya, la migunga mingi ni kijipira. Tatu, ganda: refu, nene, rangi ya majani makavu, halipasuki likikauka, na ukilitafuna ni tamu. Tawi nalo hupinda pinda kila kwenye kifundo. Zikikutana zote, huna haja ya kuuliza.

Na unarudije? Kwa njia mbili, ndiyo maana ni mgumu. Ukikatwa juu ya ardhi unachipua kutoka kwenye shingo ya mzizi, vichipukizi vingi kwa kimoja. Panga halisaidii, chimba uikate shingo hiyo chini ya udongo, sentimita 10 na kuendelea. Mche mchanga ung'oe mzima kabla mzizi haujashuka. Njia ya pili ni mbegu, na hapa mbuzi aliye na meno ndiye mshirika wake. Anakula ganda, anasaga utamu, mbegu ngumu inapita tumboni salama na kutoka ikiwa imelainishwa na kufungiwa ndani ya mbolea yake yenyewe. Mifugo ikisafiri, mathenge umesafiri. Kuna wanaoutumia vizuri, kwa makaa, nguzo na mizinga ya nyuki, na maganda yakisagwa mpaka mbegu zipasuke huwa chakula cha mifugo kisicho na hatari ya kuota. Sipingi. Ila anayeutumia asiubebe kwenda ambako haujafika.

Ukikwama

Majina ya mtaani yatakuchanganya. Mathenge sasa ni jina la kila mti wa kigeni wenye miiba, na kijiji hadi kijiji kongwe ni hili au lile. Hata wataalamu hawatulii: mwaka 2022 jenasi ya Prosopis, yaani kundi la mimea ambamo mathenge uliwekwa, iligawanywa, na mathenge ukahamishiwa jina la Neltuma, huku vitabu vingi vikiwa bado na lile la zamani. Programu za simu kama PlantNet na iNaturalist husaidia, mradi usipige picha moja ya kichaka kizima ukategemea muujiza. Piga jani pande zote mbili, ua, tunda, shina na, kama unaweza, mzizi. Au chukua tawi lenye ua na tunda, lilaze ndani ya gazeti chini ya godoro wiki moja, ulipeleke kwa bwana shamba au kituo cha utafiti wa misitu cha KEFRI pale Gede. Wakishindwa wao, kuna hifadhi ya mimea mikavu ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Hawe naye muulize, na umuulize kwanza, kwa sababu yeye hatakuambia jina tu, atakuambia na namna ya kuupika.

Kile kijiti changu nilikichimbua siku ile ile. Hakikufikia goti, lakini mzizi wake ulikuwa mrefu kuliko mkono wangu. Nilijiuliza sana kimefikaje Msabaha, mpaka nikakumbuka kilikuwa wapi: kando ya samadi. Niliinunua kwenye lori lililokuja kutoka upande wa Tana, mbolea safi ya mbuzi, kavu, bei nzuri. Sijaacha kununua samadi. Siku hizi ikifika naimwaga juu ya kipande cha saruji nyuma ya banda, naimwagilia maji, naacha wiki tatu. Kila asubuhi napita na kikombe changu cha chai, naviokota vile vichipukizi vya majani mawili kwa vidole. Rundo la mwisho lilitoa kumi na saba.